Jamani, Kafa Nani?

Mimi ni Katibu wa Viti. Cheka tu, nimeshazoea. Katika nyumba yetu ya sanaa hapa Kihesa, Iringa, kila anayejitolea ana cheo, maana mtu usiyemlipa lazima umpe chochote, na cheo hakigharimu. Tuna Mwenyekiti, tuna Makamu, tuna Mlezi, tuna Mkuu wa Itifaki ambaye kabla ya itifaki alikuwa anauza vocha stendi. Mfagiaji hatuna. Anayefagia ni mimi, wenzangu wakishaenda nyumbani na vyeo vyao.

Nilikabidhiwa viti kwa sababu nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kamati ikaona mwanamke aliyenyamazisha darasa la pili siku za mvua hatashindwa na plastiki. Ni viti vya bluu, vya kuegemea, tulivyopewa na wafadhili waliokuja mara moja, wakapiga picha navyo, wakaondoka. Nyuma ya kila kiti Mratibu wetu aliandika kwa rangi nyeupe: SANAA NI UHAI. Nikamwambia, baba, kiti kinaandikwa jina la mwenyewe, ndiyo kinarudi. Akanijibu, "Shangazi, hiyo ni falsafa." Haya bwana.

Huyo Mratibu ni mtoto wa kaka yangu. Sisi kwetu ni Ubaruku, Wasangu, watu wa mpunga. Mimi niliolewa huku Uheheni nikazeekea hapahapa. Kaka yangu ana mashine za kukoboa mpunga, na alimsomesha huyu kijana uhasibu ili siku moja azisimamie. Kijana akapata kazi Mbeya mjini, ofisi nzuri, tai shingoni. Siku moja nikamkuta mlangoni kwangu na begi. Anasema ameacha kazi, anataka kuigiza. Nikamuuliza kuigiza nini? Akasema kila kitu. Nikampa chai, ningefanyaje? Baada ya mwaka akawa amekodi ghala lililokuwa la kukamulia alizeti, na mpaka leo jua likiwaka kuta zake zinanukia mafuta, watazamaji wanatoka na njaa.

Kaka alinuna. Alinuna vile wanavyonuna wanaume wa kwetu, bila kusema neno, hata simu hapokei. Halafu mwezi wa sita mwaka ule, baridi imeshika, mpunga umeanza kuvunwa, akanipigia mimi, siyo mwanawe. "Dada, mwambie nakuja Jumamosi. Nikikuta watu wazima, wenye akili zao na shughuli zao, wamekaa wanamwangalia, nitanyamaza. Nikikuta viti vitupu, Jumapili napanda naye basi. Mashine haiwezi kumsubiri mtu anayejifanya mfalme."

Kujifanya mfalme alikuwa amekusikia mahali, kwa sababu kweli kijana alikuwa na mchezo wa mfalme. Ni mfalme aliyepiga marufuku habari mbaya. Atakayemletea anakatwa kichwa. Kunatokea msiba mkubwa nyumbani kwake, tarishi anaingia, anasimama mbele yake, na hawezi kusema. Wanaangaliana. Hapo ndipo mchezo ulipo, katika kile kimya.

Nilimfikishia ujumbe wa baba yake. Akacheka, halafu akaenda nyuma ya nyumba kukata kuni ambazo hatukuzihitaji. Nilimwangalia dirishani, roho ikaniuma. Nilijua kabisa akienda Ubaruku atakwenda mwili tu, na mimi nitabaki hapa na viti.

Ndipo kamati ikabuni Wiki ya Sanaa: Jumatatu mpaka Jumamosi, kila siku tukio, ili Jumamosi watu wawe wameshazoea njia.

Jumatatu ilikuwa ufunguzi, na ufunguzi kwetu haufunguki bila mgeni rasmi. Tulikaa tukimsubiri. Ngoma zilipashwa moto zikapoa. Mkuu wa Itifaki alikuwa ameazima kochi la sofa kwa ajili yake, lenye vitambaa vilivyofumwa, na akasimama kando yake kulinda lisikaliwe. Watu waliokuja kutazama walitazama kochi. Jioni akaja mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi, amechoka, akatoa hotuba mfukoni akaisoma. Ilikuwa nzuri, ila alitupongeza kwa juhudi zetu za kupanda miti.

Hatukuwa tumepanda mti wowote. Unadhani kamati ilifanya nini? Ilicheka? Thubutu! Ilikaa kikao Jumanne asubuhi ikaazimia kwamba haifai kumfanya kiongozi aonekane amesema uongo, kwa hiyo mti upandwe. Ukapandwa mparachichi mbele ya mlango, mahali ambapo ukikua watu watapitia dirishani.

Siku ile ya ufunguzi, aliyetazama kochi kwa uvumilivu kuliko wote alikuwa mzee jirani yangu, Mhehe wa Kalenga, dereva wa malori mstaafu. Lazima nikueleze habari zake vizuri. Kwa miaka mingi alibeba mchele wa Ubaruku kwenda mjini, na huko alikutana na kaka yangu. Wasangu na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana, basi hao wawili walitukanana kwa raha mpaka wakawa ndugu. Mimi naye hatukuwahi kupeana salamu ya maana. Nikimwambia "Kamwene," yeye anajibu, "Msangu, leo umekuja na mchele au umekuja na mdomo tu?" Namwambia mchele nawapikia watu, wewe nenda ukale pumba.

Hakukosa hata tukio moja la nyumba yetu. Alikuja na kabuti lake la kaki, kofia ya pama na fimbo. Na alikuwa hakai kama binadamu wengine, alikuwa anaegesha: anafuta kiti kwa leso, anageuza leso, anafuta tena, halafu anarudi kinyumenyume akichungulia bega la kushoto, bega la kulia, mpaka anafika. Akishafika, analala. Hapohapo, mstari wa mbele, koroma juu. Makelele hayakumsumbua. Ngoma, kwaya, vijana wa kufokafoka na spika zao, yeye usingizi. Kilichokuwa kinamwamsha ni kimya. Alikuwa dereva, injini ikizima lazima aamke. Basi ukumbi ukinyamaza tu, anashtuka, anaangaza macho, anauliza kwa sauti ya barabarani, "Jamani, kafa nani?"

Katika mazoezi ya ule mchezo wa mfalme aliuliza kila mara palepale, tarishi anaposimama. Kijana mwanzoni alikasirika. Baadaye akazoea, akawa anasimama kidogo amsubiri mzee aulize, watu wacheke, ndipo aendelee.

Jumanne mchana ikawa warsha. Mwezeshaji alitoka Mbeya mjini, binti mzuri, mwenye elimu yake, na mada yake ilikuwa namna ya kulia jukwaani. Washiriki tulikuwa kina mama wa mtaa, kwa sababu kina mama ndio wanaopatikana mchana na ndio tulioahidiwa soda. Binti akatufundisha kwamba chozi linatoka tumboni. Vuta pumzi, hesabu, ishikilie, hesabu, iachie. Nikatazama pande zote. Pale walikaa wanawake waliozika waume, wazazi, watoto. Wanawake ambao ukiwasimamisha mlangoni mwa msiba wowote wa Kihesa wanalia mpaka majirani wa Mwangata wanakuja kuuliza. Wamefumba macho wanahesabu pumzi. Mmoja aliniambia baadaye, "Mwenzangu, nilipofika hesabu ya nne nikakumbuka maharage yangu jikoni, chozi likarudi."

Jumatano ilikuwa jioni ya mashairi. Washairi walikuwa wengi kuliko wasikilizaji, na kila mshairi akimaliza kusoma anaondoka, kwa hiyo wa mwisho alibaki na mimi, Mratibu, na mzee aliyelala. Kijana wa watu alisoma shairi la kuachwa. Alipofika kwenye uchungu wenyewe akanyamaza ili tuusikie.

"Jamani, kafa nani?"

"Ni mapenzi, mzee," mshairi akajibu, kwa heshima. "Mapenzi yangu yamekufa."

"Pole sana, baba. Mazishi lini?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Mratibu hakucheka. Alikuwa anatazama viti. Mzee alipokuwa anatoka akamgonga mguuni kwa fimbo akamwambia, "Usihofu Jumamosi, mjukuu. Mimi nitakuja, na mimi ni mtu mzima." Tukamsindikiza mpaka kwake, nyumba ya tatu kutoka ukumbini.

Alhamisi asubuhi hakuamka.

Niliposikia ukunga nilijua ni nyumba ipi. Nilikimbia na kandambili, kanga moja, na nilipofika sikuhesabu pumzi yoyote. Nilipotoka nje tena kupumua, vijana wa mtaa walikuwa tayari wanapita na viti vyangu vichwani. Hawakuomba. Mtaani petu hakuna aliyewahi kuamini kwamba viti vizuri vile vilinunuliwa kwa ajili ya mashairi. Wote walijua ni viti vya misiba, ila sisi tunawatunzia huku tukicheza cheza. Mratibu mwenyewe alikuwa mlangoni anawapa. Wakachukua na spika, wakachukua na kochi la mgeni rasmi, akakalishwa mjane.

Kamati ikaitisha kikao cha dharura. Tulikutana ukumbini tumesimama, maana hapakuwa na pa kukaa. Ajenda ya kwanza ilikuwa kama akidi inatimia watu wakiwa wamesimama. Ajenda ya pili, Mkuu wa Itifaki akapendekeza kwamba wafiwa waombwe kwa unyenyekevu kurejesha viti kila siku alasiri kwa ajili ya tukio, halafu wavichukue tena.

Nikaona giza. "Wewe," nikamwambia, "mama yako akifa utamkalisha nani chini ili watu wacheze sarakasi? Hebu niondokee hapa!" Mwenyekiti akasema, Katibu wa Viti, lugha. Nikamwambia lugha ninayo nyingine ukitaka. Mratibu akainua mkono akasema kwa sauti ndogo, "Tunafunga mpaka azikwe. Alikuwa mtazamaji wetu." Halafu akaongeza, kwangu peke yangu, "Yaani ndiye aliyekuwa hadhira, shangazi. Baba atakuta nini?" Nilimshika mkono tu, ulikuwa baridi.

Ijumaa kaka akafika na basi la alfajiri na gunia la mchele. Hakuja kwa Wiki ya Sanaa, alikuja kumzika mtani wake. Alinisalimia, akamtazama mwanawe, akasema "Hujambo," mwanawe akasema "Shikamoo baba," na mazungumzo yao yakaishia hapo. Akaingia ndani kwa mjane. Alikaa humo muda.

Turubai lilijaa mpaka barabarani. Mtaa mzima, watu wa Kalenga, madereva wastaafu, kwaya ya Kilutheri na makoti yao ya baridi, wote wamekaa juu ya viti vya bluu, na mgongoni mwa kila mfiwa imeandikwa SANAA NI UHAI. Mchungaji alikuwa anayasoma yale maandishi, safu kwa safu ya watu, huku anatafuta ukurasa wake. Yule binti mwezeshaji naye alikuwepo, hakuwa na pa kwenda. Jeneza likatolewa, likawekwa katikati. Wabebaji wakajipanga.

Hapo mlango ukafunguka, na marehemu akatoka.

Nakwambia kweli, nilimwona kwa macho yangu. Kabuti la kaki, pama, fimbo, na ule mguu wa kushoto uliokakamaa kwa kukanyaga klachi miaka yote ile. Alikuwa kaka yangu. Kaka yangu, mtu asiyecheka hata akisikia bei ya mpunga imepanda! Akapita katikati ya watu akisalimia "Kamwene, kamwene," kwa sauti ya mzee, akikohoa kikohozi cha mzee, akamwambia mchungaji, "Baba, sogeza gari lako, lori linapita." Watu wakaanza kunguruma. Akafika kwangu. "Msangu, leo umekuja na mchele au umekuja na mdomo tu?" Nikasahau kwamba nazungumza na mtoto wa mama yangu. Nikamjibu, "Nenda ukale pumba, Mhehe wewe!" na machozi yananitiririka, watu wanacheka wanapigana migongo.

Akachukua kiti. Akakiweka getini, katikati kabisa, mahali ambapo jeneza lazima lipite, kama mtani anavyotakiwa afanye: mwenzake hatoki kirahisi. Akatoa leso. Akafuta kiti, akageuza leso, akafuta tena. Akarudi kinyumenyume, bega la kushoto, bega la kulia, akaegesha. Akalala. Akakoroma.

Kwaya ikaelekezwa iimbe tu, ikaimba. Mtu anakoroma getini, jeneza limesimama, kwaya inaimba, watu hawajui washike lipi. Wimbo ukaisha. Kukawa kimya.

Kaka akashtuka. Akainua pama. Akaangaza macho taratibu, akamtazama mjane, akatazama watoto wa marehemu, akatazama lile jeneza.

"Jamani," akasema, "kafa nani?"

Ah! Sijawahi kusikia sauti kama ile iliyotoka kwa wale watu. Kilikuwa kicheko, kikageuka kikiwa katikati. Mjane alicheka mpaka akaanguka kwenye kochi, na alipoinuliwa alikuwa analia, na tukalia wote, wanaume kwa wanawake, mchungaji akavua miwani. Binti wa Mbeya alikuwa analia kamasi na vyote. Nikamtafuta Mratibu. Alikuwa amesimama kando ya nguzo ya turubai, hasogei, anamtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza wametambulishwa.

Kaka akasimama, akakisogeza kiti, akavua pama akaiweka juu ya jeneza. "Haya, mtani," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Barabara nyeupe."

Tulipotoka makaburini nilimvuta kaka pembeni. Maana lile swali halikuwa la mtaani wala la barabarani. Mzee aliliuliza ukumbini tu, mtaa ukalisimulia, na kaka yangu ukumbini hajawahi kukanyaga. "Umelijulia wapi?"

Akasafisha koo. "Alikuwa ananipigia. Kila Jumapili baada ya ibada. Ananisimulia michezo yote ya huyu kijana, nani kaingia, nani katoka, yeye kalala wapi, kaamka wapi, watu wamecheka vipi. Salio lake linaisha, namrudishia simu mimi. Nilidhani ananitania."

"Kwa hiyo ulikuwa unafuatilia."

"Nilikuwa namsikiliza mtani."

Mwanawe alikuwa amefika nyuma yetu. "Baba," akasema, "leo umeigiza. Umeigiza kuliko sisi wote."

"Nani kaigiza?" Kaka akawaka. "Koma! Mimi nimefanya kazi ya mtani. Kuigiza ni huko kwenu, kujifanya mfalme. Kesho nitakuja kuangalia kama nilivyosema, na sharti liko palepale." Akaondoka, bado amevaa kabuti la watu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda msibani kudai viti. Watu bado walikuwa wamekaa, matanga hayajaisha, upepo wa baridi unapiga turubai. Mtoto mkubwa wa marehemu akaniambia, "Mama, vichukue tu." Nikamwambia nivichukue mimi, kwa mgongo upi? Nikasimama katikati nikatoa ile sauti yangu ya zamani: "Kila mtu asimame! Kila mtu abebe kiti alichokalia! Mstari mmoja, bila kusukumana!"

Wakasimama. Nusu yao nilishawahi kuwafundisha. Wakatoka mstari mmoja, viti mikononi, SANAA NI UHAI barabara nzima, mbele kabisa mjane. Nilimwambia mama, wewe pumzika, akasema, "Mzee wangu nyumbani alikuwa halali, usingizi wake wote alikuja kuumalizia kwenu. Nataka kuona kuna nini."

Ukumbini nikawaamuru wapange kwa safu. Nasema kweli mbele ya Mungu, sikuwa na hila. Lakini mtu aliyetoka kwenye baridi, amebeba kiti, amekiweka mahali pake, na ndani kuna joto na harufu ya mafuta ya alizeti, unadhani atafanya nini? Walikaa. Ukumbi ukajaa. Wengine walikuwa bado na kanga za msiba kiunoni. Kaka akaingia wa mwisho, amebeba kile kiti cha getini. Akakiweka mstari wa mbele. Akatoa leso, akafuta, akageuza, akafuta tena, wala hakuna aliyecheka. Akakaa kawaida.

Ndipo akaja nani? Mgeni rasmi! Mwenyewe, na msafara. Mkuu wa Itifaki akazunguka ukumbi mzima kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Kochi liko msibani. Viti vyote vina watu, na mtu aliyebeba kiti chake kutoka nyumba ya tatu hampishi mtu. "Tafadhali mama, mpishe mheshimiwa," akamwambia mwanamke mmoja. Mwanamke akamuuliza, "Yeye kabeba kipi?" Mheshimiwa, nimpe haki yake, akaegemea ukuta akatazama mchezo wote amesimama. Nilisikia akimsifia mtu mparachichi.

Mchezo ukaanza. Kijana wetu alitoka na taji lake la bati. Watu walicheka, wakaguna, wakajibizana na mfalme, kama wanavyofanya watu wetu wakipenda kitu. Sikuwa nautazama mchezo. Nilikuwa natazama kisogo cha kaka yangu, kisichosogea.

Tarishi akaingia. Akasimama mbele ya mfalme. Akafungua mdomo, akaufunga.

Kimya.

Na mfalme akasubiri. Kwa mazoea tu, masikini. Aliacha ile nafasi ya mzee, pale alipozoea kuiacha. Ukumbi mzima ulijua ni nafasi ya nani. Hakuna aliyekohoa. Mjane alishika mdomo kwa mikono miwili. Nafasi ikawa ndefu, ndefu, taji la bati likaanza kutikisika juu ya kichwa cha mtoto wangu, nikaona ameshasahau yuko wapi, hataweza, mbele ya baba yake hataweza.

Kaka akasimama.

"Amekufa mtani wangu," akasema. "Ni yeye tu. Mashine nitaitafutia mtu mwingine, baba. Wewe endelea."

Akakaa. Mfalme akafuta uso kwa mkono wa joho lake, akamgeukia tarishi, akaendelea.